Bango la Mia Tatu

Bango lilikatiwa tiketi yake. Minegishi Fusako aliliweka kwenye kiti cha dirishani, akapitisha mkanda wa begi lake ili lisianguke treni ikikata kona, kisha yeye mwenyewe akakaa kiti cha kando na kulishikilia kwa kiganja kimoja, kama anayemsindikiza mgonjwa. Lilifungwa ndani ya kitambaa cha kijani chenye michoro ya mawimbi, ncha zake nne zikapigwa fundo juu, na asiyejua angedhani ni picha ya marehemu inayopelekwa kwa jamaa zake. Mkaguzi alizitazama tiketi mbili, akakitazama kile kitambaa, akainamisha kichwa kwa heshima na kwenda zake. Tangu Agosti alikuwa ameshakutana nalo mara tatu.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na namba 300, nyekundu juu ya dhahabu, na chini yake jina la Ujihara Katsunori. Mchezaji wa besiboli akifikisha idadi kubwa ya homurani, yaani ile mipigo inayomzungusha mpigaji vituo vyote vinne na kumrudisha nyumbani kwa mkupuo mmoja, mchezo husimamishwa kwa ajili yake. Huletewa shada la maua na bango lenye namba yake. Hulinyanyua, huyainamia majukwaa ya mashabiki wake na ya wapinzani, hupigwa picha, halafu watu huendelea kushindana. Yote hayo huchukua dakika moja. Kwa miaka ishirini na miwili, katika klabu ya Korongo wa Okayama, dakika hiyo ilikuwa kazi ya Fusako.

Ujihara alipiga ya mia mbili tisini na tisa tarehe tisa Agosti. Magazeti yakaandaa kurasa, klabu ikachapisha fulana na taulo elfu nne, Fusako akaagiza bango. Kisha ikawa kimya. Agosti ikaisha, Septemba ikaisha, na kila mechi shada jipya lilinunuliwa na kila mechi likabaki kwenye ndoo. Mashada kumi na sita yaligawiwa wenye nyumba za wageni, wauguzi, na dereva wa basi la timu, ambaye mkewe alianza kumtilia shaka. Sasa ilibaki mechi moja tu ya msimu, ugenini Niigata, na Ujihara mwenye miaka arobaini na goti bovu alikuwa ameshaambiwa kwamba mwakani hatakuwa na mkataba.

“Liache hapa ofisini, Minegishi-san,” Hotta, naibu mkurugenzi, alikuwa amemwambia jana yake. “Kule ni ugenini. Ujihara haanzi. Kocha atamwingiza mwishoni kwa heshima tu, apunge mkono, basi. Hilo bango limeshageuka mkosi. Wachezaji wakiliona wanakwepa.”

“Wanakwepa kwa sababu linawagonga kwenye basi.”

“Limemgonga nani?”

“Ujihara-san mwenyewe. Mara mbili.”

Hotta hakucheka. “Na ile aibu ya miaka tisa iliyopita? Umeisahau?”

Hakuwa ameisahau. Hakukuwa na juma lililopita bila kuikumbuka, na mara nyingi ilimjia akiwa anafanya jambo dogo tu, kuosha mchele au kutafuta funguo.

Enzi hizo wakulima wa pichi wa Okayama walikuwa wametoa ahadi kwa klabu: kila mpira utakaovuka ukuta, sanduku moja la pichi nyeupe kwa aliyeupiga. Orodha ya masanduku aliiweka Fusako kwa mwandiko wake, safi isiyo na doa, na kwa kuwa ilikuwa safi kuliko daftari lolote pale ofisini, akaifanya ndiyo hesabu ya homurani za kila mtu. Kosa la namna hiyo lingeweza kufanyika Okayama peke yake. Maana Mei ya mwaka ule Ujihara alipiga mpira ambao haukuvuka ukuta kabisa. Uliugonga, ukawapotea walinzi, ukazurura huko pembeni, naye akatimua mbio akapita vituo vyote mpaka nyumbani. Kwa sheria hiyo ni homurani kama nyingine. Kwa wakulima wa pichi, mpira haukutoka, kwa hiyo sanduku halikutoka.

Ujihara alijua hesabu yake mwenyewe. Agosti, alipofikisha mia moja tisini na tisa, alimpigia simu mama yake huko visiwa vya Goto akamwambia, njoo Jumamosi. Bibi yule akapanda kivuko, akapanda treni, akafika na matonge yake ya wali kwenye mkoba. Awamu ya tatu mwanawe akaupeleka mpira juu ya ukuta wa kushoto. Mia mbili. Kwenye karatasi ya Fusako ilikuwa mia moja tisini na tisa, na waandishi wote walikuwa wamenakili karatasi yake. Ujihara alizunguka, akafika nyumbani, akatazama upande wa kibanda cha wachezaji, akaona hakuna maua wala bango, akapeana mikono na wenzake na kwenda kukaa. Awamu ya sita mama yake alilazimika kuondoka awahi kivuko. Awamu ya saba Ujihara akapiga nyingine, na hapo ndipo Fusako alipotoka mbio, furaha imemjaa tele, na bango la mia mbili mkononi.

Na Ujihara alilipokea. Alilinyanyua, akayainamia majukwaa yote mawili, akatabasamu kwa kamera, bila kumwonyesha mtu yeyote kwamba ameletewa sherehe ya jirani. Ni baada ya mechi ndipo mwandishi mmoja mzee alipomgusa Fusako begani. “Minegishi-san, ile si ilikuwa ya mia mbili na moja?”

Kesho yake alikwenda kumwinamia, paji la uso karibu liguse magoti.

“Maua hayajui kuhesabu,” Ujihara alimwambia. “Yamenukia vilevile.”

Februari iliyofuata mama yake alifariki dunia.

Toka hapo Fusako akawa mtu mwingine. Aliweka madaftari matatu na kuyalinganisha kila asubuhi. Hakutamka namba yoyote kabla karatasi ya mwandishi rasmi wa mchezo haijafika mkononi, yenye sahihi. Waandishi wa habari walimpachika jina la Bi Subiri. Walikuwa wakimtania mlangoni, “Bi Subiri, mvua inanyesha?” na wenyewe wakijijibu, “Subiri tuthibitishe!” Naye alitabasamu, kwa sababu jina halikuwa la uongo.

Kwa hiyo bango alilibeba. Hotta alikuwa amesema liache, hakusema ni marufuku, na Fusako aliishikilia tofauti hiyo njia nzima hadi Niigata.

Mwenye duka la maua karibu na stesheni alimuuliza, “Ya harusi au ya msiba?”

“Bado hatujajua,” alisema Fusako.

Mwanamke yule alimtazama kidogo, halafu akachagua mekundu na ya manjano, akayafunga vizuri sana.

Mechi ilikuwa ya mchana. Upepo wa baharini ulikuwa unaingia kutoka nyuma ya ukuta wa kulia, baridi, wa kukatisha tamaa mpigaji yeyote. Fusako alimkuta Ujihara kwenye ujia ulio nyuma ya kibanda, amekaa juu ya kreti, anajifunga bendeji gotini kwa mizunguko ya mtu aliyefanya kazi hiyo mara elfu.

“Umelileta,” alisema bila kuinua kichwa.

“Nimelileta.”

“Huchoki wewe?”

“Wewe huchoki?”

“Nimechoka toka juzi-juzi, nilipokuwa na miaka thelathini na tano.” Akaibana bendeji kwa pini. “Vijana wanasema leo nikikosa watalizika hilo bango pale uwanjani, watoe na hotuba. Nikawaambia sawa, ila maua nibakizieni.”

Fusako alicheka, halafu akakumbuka. Ilikuwa siku ya mwisho. Kesho huyu mtu angekuwa raia wa kawaida, na lile deni la dakika moja lisingepata tena pa kulipwa. Akaweka shada chini, akainama.

“Ujihara-san, ile siku ya mama yako, mimi—”

“Haya, umeanza.”

“Mimi sitaweza—”

“Inuka bwana, damu itakushukia kichwani. Baadaye. Nikimaliza leo tutaongea.”

Akasimama, akajaribu goti, akaingia kibandani kwa kuchechemea kidogo.

Mpaka awamu ya tisa, ya mwisho, Korongo walikuwa nyuma kwa tatu dhidi ya mbili. Wapigaji wao wawili walikuwa wameshatolewa, mmoja amebaki kituo cha kwanza. Akitolewa mmoja zaidi, mechi imekwisha na msimu umekwisha. Kocha Nakagome, mtu wa maneno machache na mengi yake makali, aligeuka kwenye benchi.

“Ujihara! Nenda kapige, au nenda kawaage. Chagua mwenyewe.”

Jina lilipotangazwa, mashabiki wa Niigata wenyewe walipiga makofi. Walikuwa wamemzomea kwa miaka ishirini, na leo walimpa haki yake. Mrushaji wao alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, ananyonya wakati Ujihara anaanza kazi hii, na hakuonyesha dalili ya kumwonea mzee huruma. Mpira wa kwanza ukapita, Ujihara akakata hewa. Wa pili ukapita, akakata hewa tena. Kwa kukosa mmoja zaidi, wa tatu, angekuwa ameaga.

Fusako alikuwa amesimama mwisho wa kibanda, shada kwenye kwapa, vidole kwenye fundo la kile kitambaa. Alikuwa hajawahi kulifungua kabla ya wakati. Akalifungua.

Uliofuata Ujihara aliugusa kidogo ukaangukia nje, haukuhesabiwa. Wa nne pia. Wa tano aliupata.

Sauti ilikuwa ile yenyewe, kavu na safi, na benchi zima likanyanyuka. Mpira ulipaa kuelekea kulia, juu, juu zaidi, na pale juu ukakutana na upepo. Fusako aliuona ukipungua. Aliuona ukisita. Haukuvuka. Uligonga ukingo wa juu kabisa wa ukuta, ukarudi ndani kwa pembe ya ajabu, ukapita karibu na mkono ulionyooshwa wa mlinzi wa kulia, ukaanza kubingirika kuelekea kwenye kona isiyo na mtu.

“Kimbia!” kibanda kizima kilipiga kelele.

Yule wa kituo cha kwanza alifika nyumbani bila taabu. Tatu kwa tatu. Ujihara alipita kituo cha pili akiburuza goti, kofia ya kinga imedondoka, mdomo wazi. Msaidizi wa kocha aliyekuwa kituo cha tatu aliinua mikono yote miwili: simama.

“Simama!” alipiga kelele Kocha Nakagome. “Simama we mzee, utakufa!” Halafu, alipoona mzee hana mpango wa kusimama, akaivua kofia yake na kuipiga chini. “Basi kimbia! Kimbia baba, kimbia!”

Ujihara alikata kona ya tatu kwa upana kama lori. Mpira ulikuwa umeshaokotwa, umesharushwa, unakuja. Mdakaji aliyelinda nyumbani aliunyooshea mkono. Ujihara akajitupa kwa kifua, vumbi likafunika kila kitu, na kwa kitambo kidogo hakuna aliyeona chochote. Kisha mwamuzi akatandaza mikono yake miwili. Salama. Nne kwa tatu.

Kibanda kikalipuka. Watu wazima walikumbatiana wakilia. Lakini Fusako alikuwa amegeukia ubao wa matokeo, kwa mazoea ya miaka tisa, na ubao ulikuwa haujasema kitu. Je, ule mkono wa mlinzi uliugusa mpira? Kama uliugusa na mpira ukauponyoka, mwandishi rasmi angeandika kosa la mlinzi. Bao lingebaki bao, lakini Ujihara angebaki na mia mbili tisini na tisa mpaka kaburini.

Simu yake ikalia. Hotta, kutoka Okayama, mbele ya televisheni.

“Usitoke! Minegishi-san, unanisikia? Subiri uamuzi. Dakika mbili tu, subiri. Tukirudia ile aibu mbele ya nchi nzima—”

Ndiyo, alisikia. Na kila alilosema Hotta lilikuwa sahihi. Ni yeye Fusako aliyekuwa akiwafundisha wengine maneno hayohayo. Aliangalia uwanjani. Ujihara alikuwa bado amekaa chini kwenye vumbi, ameshika goti, hajainua kichwa, kwa sababu hakutaka kutazama kibandani. Fusako alilijua lile tazamo alilokuwa analikwepa. Alilisababisha yeye.

Mkono ule haukuugusa mpira. Alikuwa ameuona kwa macho yake, nafasi ya upana wa kidole kati ya ngozi ya glavu na ngozi ya mpira. Hakuhitaji karatasi kumwambia alichokiona.

Aliilaza simu kwenye benchi, Hotta bado anaongea ndani yake, akatoka. Bi Subiri hakusubiri.

Ni hatua thelathini hivi kutoka kibandani mpaka nyumbani, na alizipiga zote peke yake, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu mwenye viatu vya ofisini, maua mkono mmoja, mia tatu mkono wa pili. Uwanja ulimwona. Kelele zikapungua. Mwamuzi akamjia, kinyago chini ya kwapa.

“Mama, uamuzi bado.”

“Najua.”

“Huenda wakasema kosa.”

“Huenda. Mimi nimeona.”

Mwamuzi alimtazama, akalitazama lile bango. Kisha akatoa kiburashi chake mfukoni, akachuchumaa, akaanza kulisafisha bamba la nyumbani, ambalo vumbi lake lingetoka kwa kufagia mara mbili tu. Akalisafisha polepole, kona kwa kona, kama ana siku nzima.

Ujihara aliinua kichwa. Uso ulikuwa mweupe kwa vumbi, na michirizi miwili ilikuwa imepita katikati ya vumbi hilo.

“Imethibitishwa?”

“Bado.”

“Bado?” Akaanza kucheka, akikohoa. “Wewe? Bi Subiri?”

“Shika, Ujihara-san. Mikono inaniuma. Miezi miwili nimelibeba.”

Fusako alibana shada kwapani, akampa mkono, akamvuta mpaka akasimama. Ujihara akalipokea bango, akalipokea shada, na walipokuwa wamekaribiana hivyo, Fusako akaanza kuinamisha kichwa.

“Usiiname,” alisema Ujihara upesi. “Kila nikitaka kukwambia, wewe unainama unanikatisha. Miaka tisa! Nisikilize. Mama alijua.”

Fusako aliinua kichwa.

“Alikuwa na hesabu yake. Chupa ya maharage pale nyumbani, punje moja kwa kila homurani tangu nianze. Ile ya Mei alikuwa ameiweka. Siku ile nilipopiga, watu walisimama wakashangilia, halafu wakakaa. Yeye hakukaa. Nilikuwa namwona kutoka kibandani. Uwanja mzima umekaa, bibi mmoja amesimama na mkoba wake, waliokuwa nyuma wanamwambia kaa chini mama unatuziba, na yeye wala. Mpaka awamu ikaisha.” Akalitazama shada. “Hakuna maua niliyowahi kupewa kama yale.”

Kilichokuwa kimemkaa Fusako kifuani kwa miaka tisa kilisogea, na mahali pake pakaingia hewa nyingi mno kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo ubao wa matokeo ulipowaka. Homurani. Ya mia tatu.

Watu elfu ishirini na tano wa Niigata, ambao timu yao ilikuwa imetoka tu kunyang’anywa uongozi, walisimama. Wa kwao na wa ugenini, wote. Ujihara alilinyanyua bango juu ya kichwa, akaliinamia jukwaa la kushoto, akaliinamia la kulia, akafuta uso kwa mkono wa jezi na kuupaka matope. Mrushaji yule kijana alivua kofia yake. Mwamuzi akarudisha kiburashi mfukoni, kwa kuwa bamba lilikuwa sasa limetakata. Kibandani vijana walimpokea Ujihara, Kaka Uji wao, kwa makofi ya mgongoni, na mmoja akaibusu bendeji ya goti lake akafukuzwa kwa teke la mguu mzima.

Fusako alirudi mahali pake mwisho wa kibanda, mikono mitupu. Kwenye benchi simu ilikuwa bado imewashwa, na ndani yake Hotta alikuwa akimwambia mtu, kwa sauti ya juu, afungue ghala lile la fulana.

Mchezo ukaendelea. Mpigaji aliyefuata alikwenda kushika nafasi yake, mrushaji akavaa kofia, na jukwaa kwa jukwaa watu wakaanza kukaa, wakivuta makoti kwa ajili ya baridi. Wachezaji nao wakakaa. Ujihara akakaa, shada mapajani.

“Minegishi-san,” alisema Kocha Nakagome akinyoosha shingo upande. “Kaa chini. Unaniziba.”

“Subiri kidogo,” alisema Fusako, akabaki amesimama.